“Kile kitabu hakikuwa changu”

Kwa Somo,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, Mombasa. Binti yangu ana miaka minane, mdogo wake wa kiume ana mitano. Nakuandikia kabla Shaabani haijaisha, kwa sababu Ramadhani ikishaingia hupita kama maji, na Idi ya mwaka huu mimi naiogopa.

Mwaka jana mambo yalitubana. Mume wangu huendesha lori la makontena, na kuna miezi lori hulala tu. Nikaona badala ya kununua zawadi za watoto wa mawifi zangu, tuzitengeneze wenyewe nyumbani. Watoto walifurahi mno. Binti yangu akaamua kumtengenezea binamu yake wa miaka sita kitabu cha picha cha feri ya Likoni. Alichora feri, matuktuk, wachuuzi wa karanga, watu tele, na samaki chini ya maji wakiwatazama.

Sasa Somo, nikueleze kweli. Watu wake hawakuwa na mikono. Feri yenyewe ilikuwa imelala upande kama inayotaka kuzama. Usiku watoto wakilala, mimi nilikaa na makasi na gundi nikirekebisha. Feri niliichora upya kwa rula, watu nikawatia mikono, na maneno nikayaandika mimi kwa kalamu ya wino ili yanyooke. Nilifanya hivyo kwa kuwa najua tunakokwenda: nyumbani kwa mavyaa, mamake mume wangu, kule Majengo, ambako wote hukusanyika, na mawifi zangu wana uwezo.

Siku ya Idi tulipofika, yule binamu alikuwa ameshapewa gari la betri linalowaka taa. Alikipokea kitabu, akafungua kurasa mbili, akakiweka. Wifi yangu mmoja akasema huku akicheka, “Mwaka huu tumeletewa makaratasi?” Wenzake wakacheka naye. Baada ya chakula nilikikuta kitabu chini ya jagi la sharubati, kimelowa, rangi zimechuruzika zote. Nikakificha ndani ya buibui ili binti yangu asikione, kumbe ameshakiona. Usiku akaniambia kwa sauti ndogo: “Mama, kile kitabu hakikuwa changu.” Moyo ulinikatika. Mtoto amekikana kitabu chake kwa aibu niliyomtia mimi mamake.

Tangu siku hiyo hachori. Juzi nimemwahidi shilingi 50 kwa kila kadi atakayotengeneza, hataki. Mdogo wake ndiye anayenisumbua kila siku, “Tutafanya zawadi lini?”

Jambo jingine ni vitabu. Nilipokuwa nafanya kazi ya nyumbani Nyali, mwajiri wangu alipohama aliniachia vitabu vya picha 11, tisa vya Kiingereza na viwili vya Kiswahili. Jioni huwasomea wanangu barazani, na watoto wa majirani huja kusikiliza. Mimi napenda wakija. Lakini kitabu kimoja nilikiazimisha, kikarudi ukurasa wa ndovu umechanwa, na sasa binti yangu huvificha vyote chini ya godoro. Majirani wanasema nalea mtoto mchoyo. Nimlazimishe agawane na wenzake? Na hizi zawadi za Idi, nichukue mkopo wa simu ninunue kama watu wengine, yaishe?

Mama wa Wawili, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama pale pale: mtoto aliposema kitabu hakikuwa chake. Wewe umesikia aibu. Mimi nimesikia ukweli. Hebu tuhesabu. Feri uliichora wewe. Mikono ya watu ni yako. Maneno ni mwandiko wako. Kilichobaki cha mtoto ni samaki na matuktuk. Mtoto wa miaka minane anaijua mistari ya mkono wake kama wewe unavyoijua honi ya lori la mumeo. Siku ya Idi alifungua kitabu alichokichora, akakuta cha mtu mwingine. Wifi yako alipofungua kinywa, na jagi lilipowekwa, kitabu kilikuwa kimeshamtoka mtoto usiku ule uliposhika rula.

Sikwambii haya kukuumiza, maana kosa hili nimelifanya kwa miaka. Nilikuwa mwalimu wa chekechea hapa Mombasa. Kila ilipokaribia siku ya wazazi nilibaki darasani peke yangu nikikata upya miezi na nyota za watoto, ili ukuta upendeze. Mwaka mmoja mtoto alimleta mamake kwa mkono, akapita ukuta wote akitafuta mwezi wake. Hakuuona. Ulikuwa mbele ya macho yake, na jina lake chini, lakini nilikuwa nimeuviringa kwa sahani na yeye mwezi wake ulikuwa na pembe. Jinsi alivyogeuka kumtazama mamake, bado nakuona kule kugeuka mpaka leo.

Na hao watu wasio na mikono, mwanangu, wala si kasoro. Mtoto akianza kuchora mtu huanza na kichwa na miguu. Mikono huja baadaye, mara nyingi ikitokea kichwani, kisha inashuka taratibu. Huyo wako wa miaka mitano huenda bado yuko hapo, mwache. Dadake mkubwa ameshapita hatua hiyo, kwa hiyo kama amechora watu bila mikono ana sababu yake. Mimi nimepanda feri ile saa kumi na mbili jioni, watu wametoka kazini, tumebanana bega kwa bega. Nani aliyeona mkono wa mwenzake? Ungemuuliza, pengine angekwambia hivyo hivyo.

Basi la kwanza kabla ya karatasi na gundi: mwambie umekosa. Si kwa kuzunguka. Kaa naye mkiwa wawili, umwambie, “Kile kitabu nilikibadilisha usiku bila kukuuliza. Nilikosa. Kilikuwa kizuri ulivyokichora wewe.” Halafu nyamaza. Usimwombe achore hapo hapo, usimpe kalamu. Wazee wetu wengi hawakutuomba radhi tulipokuwa watoto, na najua maneno hayo yanakwama kooni. Yatoe hivyo hivyo.

La pili, zile shilingi 50 ziondoe. Mwaka 1973 huko Marekani, watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa mapema kwamba wakichora watapewa cheti kizuri chenye utepe. Wengine walikipata cheti bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu zilipowekwa mezani bila zawadi yoyote, wale walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Kitu walichokipenda kilikuwa kimegeuka kibarua. Binti yako ameshapoteza kitabu kimoja. Ukimlipa kwa kadi, utamfundisha kwamba na hizo kadi ni zako, yeye ni fundi wako tu. Siku ya Idi mpe mkono wa Idi kama watoto wote, bila kuuhusisha na kazi.

Mkopo wa simu usichukue. Riba yake utaila wewe na mumeo mpaka Mfungo Tatu, na lile gari la betri litakuwa limeshakufa zamani.

Sasa tuje kwenye zawadi zenyewe. Wengi tunapokaa na watoto kutengeneza zawadi huanza na kitu: tufanye kadi, tufanye kikapu, tufanye kitabu. Kisha tunatafuta wa kumpa. Mimi nakuomba uanze na mtu. Jioni moja ya Shaabani hii tandikeni mkeka, uwaulize wanao: binamu yenu anapenda nini? Anaogopa nini? Nini humchekesha? Huyo wa miaka sita anapenda gari linalowaka taa, basi yeye ni mtu wa magari, na kitabu chake ni cha gari lake lile lile, jinsi lilivyotoka kwa bibi Majengo likavuka daraja la Nyali peke yake usiku. Mtoto akifungua kitabu akajikuta yeye mwenyewe mle ndani, hakiweki chini baada ya kurasa mbili. Kitabu cha feri kilikuwa kizuri, lakini mwenye kuipenda feri ni binti yako. Alimpa binamu yake kitu anachokipenda yeye. Watoto wote hufanya hivyo, na watu wazima pia.

Kitabu kidogo hakihitaji ufundi mkubwa. Chukua karatasi moja ya A4. Ikunje nusu, tena nusu, tena nusu, uifungue: una vyumba vinane. Ikunje sasa nusu kwa kuzileta pamoja zile pande mbili fupi, ukate kwa makasi kutoka kwenye mkunjo, ukifuata mstari wa katikati, na uishie kwenye mstari unaofuata. Usikate zaidi ya hapo. Ifungue, uikunje kwa urefu, shika ncha mbili uzisukume zikutane, na pale ulipokata patafunguka kama mdomo. Ukizifunga kurasa kwa mzunguko una kitabu cha kurasa nane ukihesabu na majalada, bila uzi wala gundi, kinaingia mfuko wa kanzu ya mtoto.

Uzuri wake ni kwamba kurasa zote ziko upande mmoja wa karatasi. Ukikifungua kinarudi kuwa karatasi moja, unakwenda nacho duka la fotokopi, unatoa nakala kwa kila binamu, na watoto wanazipaka rangi moja moja. Ile ya asili inabaki kwa aliyechora. Hili nalisisitiza kwa ajili ya binti yako. Akijua cha kwake kiko nyumbani salama, ataweza kukitoa kingine kwa mkono mwepesi, na hata jagi likiwekwa juu yake dunia haitakwisha.

Lakini kuna kitabu kimoja ambacho ningependa mkifanye kikubwa zaidi, nacho ni cha mavyaa wako.

Umeniandikia kuhusu mawifi, kuhusu binamu, kuhusu jagi. Mavyaa umemtaja kwa nyumba yake tu. Ule mkutano ni wake. Watu wakila na kucheka mle ndani wanamtazama yeye. Sasa Ramadhani hii, katika kumi la kwanza, chagua siku mbili tatu ukafuturu kwake na watoto, na baada ya futari watoto wamuulize: Idi yake ya utotoni ilikuwaje? Mwezi uliutazamia wapi? Nguo ya Idi alishonewa na nani, na ilikuwa rangi gani? Uwanja wa sikukuu wa Makadara alikwenda na nani, alipanda bembea, alikula nini, alipotea? Waache wao waulize. Wewe andika tu, na andika kama anavyosema, usimnyooshee lugha yake. Kama anasema kwa Kimvita cha kwao, kiandike vivyo hivyo. Maneno yake ni kama ile mistari ya mwanao, usiyatie rula.

Kumi la pili, watoto wachore. Mkubwa akikataa, mdogo achore peke yake, na mkubwa muulize tu kama atapenda kupanga kurasa, picha ipi itangulie ipi. Nina imani ataanza kwa kupanga na kumaliza kwa kalamu mkononi, lakini akiishia kupanga, kupanga nako ni kazi ya kitabu. Msikae zaidi ya nusu saa. Kama binti yako ameanza kujaribu funga, msifanye alasiri akiwa na njaa na kiu. Asubuhi ni bora, au baada ya futari kama hana usingizi.

Kumi la mwisho nyumba zetu zina ibada na jikoni, kwa hiyo acheni kazi ndogo tu: kushona. Karatasi nne za A4 ukizikunja nusu na kuzipachika moja ndani ya nyingine, una kurasa 16, zinatosha sana. Vitabu vya picha vya madukani vingi vina kurasa 32 kwa sababu kiwandani karatasi kubwa hukunjwa na kutoa kurasa nane au 16, na ukizidisha unafika hapo. Nyinyi hamna haja ya kufika huko. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene, moja katikati na mawili kandoni. Ingiza uzi kutoka ndani kwa tundu la katikati, utokee nje, urudi ndani kwa tundu la juu, upite moja kwa moja mpaka la chini, utoke, urudi ndani kwa lile la katikati, ufunge fundo. Sindano, makasi na moto ni vyako. Mengine yote ni yao.

Gundi msinunue. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano kwa maji baridi mpaka madonge yaishe, uutie kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, ukoroge mpaka uwe uji mzito. Ukitia shabu kidogo, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, haichachi upesi, lakini kwa joto letu hili pika kidogo kidogo. Jalada kata kwenye katoni ya biskuti. Ukilivika leso kuukuu ya mavyaa mwenyewe, uliyomwomba kwa ruhusa yake, kitabu kitakuwa na harufu ya nyumba yake. Leso ina pindo pembeni, mji katikati, na lile jina lililoandikwa. Likate jina lote zima, ulibandike mbele liwe ndilo jina la kitabu. Bibi zetu walikuwa wakinunua leso kwa sababu ya jina lake, na kila mmoja anakumbuka alimlenga nani. Huenda mkapata hadithi nyingine hapo hapo. Ukishabandika, kiweke kivulini chini ya kitu kizito, debe la unga au jiwe, mpaka siku ya pili, la sivyo jalada litajikunja kama papa aliyekaushwa.

Kwa wakubwa wengine msijichoshe na vitabu. Mabuyu yanatosha, na watoto huyapenda kuyafanya. Sukari vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji kwa nusu kilo ya mabuyu, iliki, pilipili kidogo kwa wanaopenda, na rangi nyekundu. Shira ikichemka usimruhusu mtoto kuisogelea, inaunguza kuliko maji. Kazi yao ni kukunja vifuko vya karatasi vyenye ncha, kujaza mabuyu yaliyopoa, na kuandika majina. Na mkesha wa Idi, kama kuna asumini mtaani kwenu, wachume watoto jioni yakiwa bado yamefumba, maana hufunguka usiku. Mavyaa awafundishe kufunga vikuba, asumini na mrehani na kipande cha mkadi. Kikuba hakifanywi mapema, kinanyauka. Ni zawadi ya usiku mmoja, na nimeona wanawake wakubwa wakilia kwa kupewa kikuba na mjukuu.

Siku yenyewe ya kutoa nayo ina busara yake. Mwaka jana mlikitoa kitabu asubuhi ya Idi mosi, wakati watoto wanahesabu fedha za mkono wa Idi na akili zao zimeshafika Makadara. Hapo hata ungetoa dhahabu. Gari la betri linajieleza lenyewe, unabonyeza linawaka. Kitabu hakijielezi, kinataka mtu. Ngoja mpaka baada ya chakula, watu wameegemea mito, au Idi pili kukiwa kumetulia. Mavyaa apewe chake mbele ya wote, na binti yako akae karibu naye asome, hata kama ni ukurasa mmoja kisha bibi mwenyewe aendelee. Hapo hutahitaji kumjibu wifi yako neno lolote. Wakisikia mama yao akisimulia alivyopotea Makadara akiwa na miaka saba, nao walikuwa hawaijui hadithi hiyo, hakuna atakayesema makaratasi. Na kama atasema, mavyaa atamjibu, si wewe. Lakini kabla ya siku hiyo mweleze mavyaa faraghani kilichotokea mwaka jana. Mwambie bila kulaumu, “Mjukuu wako aliumia.” Nyumba ni yake, anayo haki ya kujua.

Yule binamu mdogo naye akae na binti yako pembeni wasome chake pamoja. Mfundishe binti yako kuuliza anaposoma: gari linakwenda wapi sasa? Kwa nini taa zimezimika? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wadogo kusoma vitabu vya picha kwa namna hii, mtoto aulizwe na apewe nafasi ya kusimulia badala ya kusikiliza tu, na kwa mwezi mmoja lugha ya watoto wale ikawazidi wenzao waliosomewa kwa njia ya kawaida. Sisi tuliolelewa na “Paukwa!” “Pakawa!” tulijua tangu zamani kwamba hadithi haianzi mpaka msikilizaji ajibu.

Njia hiyo hiyo itakufaa kwa vile vitabu tisa vya Kiingereza. Usihangaike kutafsiri neno kwa neno. Fungua picha, simulia kwa Kiswahili unachokiona, waache watoto wabishane na picha. Na ukihitaji zaidi vya Kiswahili, upo mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Una hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu kuzichapisha na kuzitafsiri bila malipo. Nenda saiba na flashi, toa mbili tatu, uzishone kwa sindano ile ile.

Tumalizie hili la uchoyo, maana limeniudhi kidogo, na si mtoto aliyeniudhi. Mtoto aliyeona kitabu chake kikilowa chini ya jagi, kisha akaona ndovu wake amechanwa, akavificha vilivyobaki chini ya godoro, huyo namwita mlinzi. Usimlazimishe. Mwambie achague vitabu vitatu viwe vyake peke yake, havitoki, haviazimwi, na hata mdogo wake hagusi bila ruhusa. Vinane vinavyobaki viwe vya baraza. Vya baraza husomwa barazani, mkekani, mikono imeoshwa, na magharibi ikiingia vinahesabiwa na kurudi ndani. Kuazimisha acha kwa sasa. Anayetaka kuondoka na kitabu, mkunjie karatasi moja ya kurasa nane achore chake aende nacho kwao. Watoto wa jirani wakiwa nao ni watengenezaji wa vitabu, nadhani utaona tofauti ya mikono yao wanapofungua vyako. Daftari la kuhesabu ashike binti yako. Anajua vilipo vyote.

Na aliyechana ndovu, kama mnamjua, asifokewe. Mwite barazani, mpeni kipande cha karatasi chenye ukubwa wa ule ukurasa, achore ndovu mwingine, mumbandike mahali pake kwa ule uji wa unga. Ndovu akiwa na miguu mitatu, na awe na miguu mitatu.

Anza na mavyaa wiki hii, kabla mwezi haujaandama, umwombe ile leso. Kisha niandikie alichowaambia kuhusu bembea.

Somo wako